Nani Alimlisha Papa Sisinio? Wasifu wa Marehemu Deusdedit Katabaro (1934–1988)

Unasomwa na mpwawe, Kasiani, katika makaburi ya Råcksta, Stockholm, Ijumaa tarehe 18 Machi 1988

Huyu tunayemsindikiza leo ni Deusdedit Katabaro, mtoto wa nne wa Mzee Petro Katabaro na Mama Yustina, ambao wote wawili wametangulia. Alizaliwa tarehe 8 Novemba 1934 katika kijiji cha Bugandika, Kiziba, wilaya ya Bukoba, asubuhi ambayo senene walikuwa wameanguka kama mvua. Mama yake alikuwa shambani anawakusanya uchungu ulipomshika. Wapo wanaosema alikimbia nyumbani. Marehemu mwenyewe alishikilia maisha yake yote kwamba mama alijaza kikapu kwanza, na kwamba hamlaumu, kwa sababu watoto alikuwa nao tayari lakini senene huja kwa msimu.

Padre wa misheni alifungua kalenda ya watakatifu, akaona siku hiyo ni ya Papa Deusdedit wa karne ya saba, na mtoto akabatizwa hivyo. Ndivyo alivyoingia duniani akiwa na jina la papa utosini. Lakini moyo haupangiwi na kalenda. Papa aliyempenda toka ujana hadi wiki iliyopita alikuwa mwingine kabisa, na huyo asipotajwa hapa marehemu atafunua jeneza aje amtaje mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, na mwaka 1949 akaingia seminari ndogo. Alikuwa na akili nyepesi na mwili mzito wa kuamka. Darasa lake lilipofundishwa historia ya Kanisa, kila mwanafunzi alitakiwa aandike maisha ya papa mmoja na kuyasoma kwa sauti bwaloni, wenzake wakila kimya, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Wenzake waligombania mapapa wakubwa, wenye vita na miujiza. Deusdedit aliuliza, kwa heshima zote, ni yupi kati ya waliobaki aliyetawala muda mfupi kuliko wengine. Mwalimu, padre mzee wa Kiholanzi, akamjibu: Sisinio, mwaka 708, siku ishirini. Deusdedit akashukuru sana. Alipiga hesabu ya nusu ukurasa, kisha mpira.

Na kweli kitabu cha kale kilikuwa na mistari michache tu. Kwamba Sisinio alikuwa mtu wa Siria, baba yake akiitwa Yohane. Kwamba jongo lilikuwa limemkaza hata hakuweza kupeleka chakula mdomoni kwa mikono yake. Kwamba pamoja na hayo alikuwa na moyo thabiti, akawajali wakazi wa mji, akaamuru chokaa ichomwe ili kuta za Roma zikarabatiwe. Alimweka askofu mmoja kwa ajili ya kisiwa cha Korsika. Akafa ghafla, akazikwa kwa Mtakatifu Petro. Basi. Kuta zenyewe hakuziona zikipigwa chokaa.

Siku ya kusoma, Deusdedit alisimama kwenye kile kimimbari cha bwaloni, wenzake wakila ndizi na maharage. Akasoma mpaka mwisho, akafunga daftari, akabaki amesimama.

"Katabaro, endelea," gombera, mkuu wa seminari, akasema.

"Nimemaliza, Padre. Kimeishia hapo. Ila kuna kitu sijakielewa. Nani alimlisha?"

"Alimlisha nani?"

"Papa. Mikono ilikuwa haifiki mdomoni. Alikaa siku ishirini na hakufa njaa. Kwa hiyo yuko mtu alimlisha. Askofu wa Korsika kaandikwa, chokaa imeandikwa. Huyo mtu yuko wapi?"

Bwalo zima likacheka, na maharage yakatoka mahali yasipotarajiwa kutoka. Deusdedit akapigishwa magoti mpaka sahani zote zikaoshwa. Yule Mholanzi mzee alimfuata pale pale kwenye sakafu, akainama na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba haijaandikwa, kwa kuwa watu wa kulisha huwa hawaandikwi.

"Basi walioandika," Deusdedit akajibu akiwa magotini, "walikuwa wameshashiba."

Mwaka 1954 wakubwa walimwomba aende nyumbani akatafakari wito wake. Alikwenda. Kwa kuwa hakuna aliyemwita tena kumuuliza amefikia wapi, tunaweza kusema kwa uhakika kwamba alikuwa bado anatafakari.

Kazi aliianza kama mwalimu wa shule ya msingi, kisha karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Mwaka 1966 alipelekwa Sweden kwa mafunzo ya ushirika ya mwaka mmoja. Mwaka uliisha, yeye hakuisha. Mwaka 1968 akaanza kuendesha treni za chini ya ardhi, njia ya kijani, na aliwaandikia nduguze Bugandika kwamba sasa anafanya kazi chini ya nchi kama fuko, ila fuko mwenye sare. Vidole vilipoanza kukakamaa mwaka 1980, alihamishiwa kwenye kibanda cha tiketi cha kituo cha Vällingby, na hapo ndipo mji ulipomfahamu. Kila aliyegongewa tiketi alipewa na Papa Sisinio juu yake, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, au kwa ile Swedish yake iliyotembea na magongo. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kisweden, Bibi Ingegerd, aliyepita kila asubuhi akiwa na kikapu chake cha magurudumu.

"Na papa wako, anaendeleaje?" angemuuliza.

"Bado ana siku zake ishirini, bibi. Hawajamwongeza."

Bibi Ingegerd angepenyeza pipi ya mnanaa kwenye tundu la kioo, na vidole vya Deusdedit vilipofika mahali haviwezi tena kumenya karatasi, akawa anaimenya yeye kwanza. Hakuuliza kwa nini. Amekuja leo. Yule pale mwenye kofia ya sufu.

Ndoa yake na Dafrosa ilifungwa Jumamosi tarehe 12 Septemba 1970 hapa Stockholm. Dafrosa alikuwa amekuja kusomea uuguzi, naye Deusdedit alikuwa amekwenda kituoni kumpokea kwa niaba ya chama cha Watanzania. Chama kinasubiri mpaka leo aletwe. Kwenye karamu, wakati wa kulishana keki, bibi harusi alikata kipande kikubwa mno akakisukuma chote, bwana harusi akapaliwa, na Msweden mmoja mwema akampiga mgongoni mpaka keki ikarudi kwa waalikwa. Deusdedit alikuwa akisema: "Huyu mwanamke alijaribu kuniua siku ya kwanza. Aliposhindwa, akaamua kunitunza." Walihamia kitongoji cha Tensta mwaka 1971, na mwaka 1972 Mungu akawajalia binti, Domina, ambaye wazazi walizungumza naye Kihaya na Kiswahili, naye akawajibu kwa Swedish, na wote watatu wakaelewana kuliko familia nyingi zenye lugha moja.

Ugonjwa ulimwingia kidogo kidogo. Daktari alimweleza kwa upole kwamba hili si jongo, ni baridi yabisi ya viungo. Deusdedit alisikitika kama mtu aliyevuliwa cheo.

"Daktari, hakuna hata jongo kidogo?"

"Hapana, Bwana Katabaro."

"Hata la kidole kimoja?"

Mwaka 1985 aliacha kazi kwa ajili ya afya. Mwaka uliofuata mikono yake ilikataa kabisa kufika mdomoni. Ilipanda hadi kifuani ikasimama hapo kama watu waliogombana na jirani wa juu. Na hapo yule mtu aliyeuliza swali bwaloni mbele ya mapadre akaona haya. Dafrosa alikuwa mlezi katika nyumba ya wazee kule Jakobsberg. Mchana kutwa alilisha wazee wa Kisweden, jioni akarudi Tensta, akashusha pazia la jikoni, akamlisha mumewe. Senene wakiletwa na mgeni kutoka Bukoba, alimwekea ulimini mmoja mmoja, naye Deusdedit akijibu "Amina" kwa kila mmoja. Yeye mwenyewe Dafrosa alikula baadaye, chakula kikiwa kimeshapoa. Alisema anakipenda hivyo.

Zaidi ya hao wawili na Domina, hakuna aliyejua. Mwaliko wa harusi ulipofika, Deusdedit alikuwa na mafua. Ubatizo, mafua. Idi kwa rafiki yake Muzamiru, ambaye milango yao inatazamana, mafua makali. Domina alifundishwa kusema mlangoni, "Pappa sover," yaani baba amelala. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Ta Deus, yaani Mzee Deus, siku hizi amekuwa Msweden, anakula peke yake na mlango umefungwa. Maneno hayo yalimfikia. Mtu aliyekuwa akila na kituo kizima cha Vällingby sasa alisikiliza kicheko cha majirani ukutani, huku pazia limeshushwa, na Dafrosa aliona kwamba kinachomkondesha mumewe si ukosefu wa chakula.

Hapa inabidi tueleze jinsi alivyopata madaraka, kwa sababu wako wasiojua na wako wanaojisahaulisha.

Umoja wetu wa Afrika Mashariki hapa Tensta ulikuwa chini ya Bwana Ladislaus kwa miaka kumi na moja. Jumapili tarehe 17 Januari mwaka huu, Bwana Samwiri kutoka Uganda aligombea dhidi yake. Kura zikafungana. Zikarudiwa, zikafungana tena. Wakati watu wanaanza kuvua makoti kwa nia ambayo si ya kusikia joto, Muzamiru akasimama akasema, "Tumchague Ta Deus." Pande zote mbili zikatazamana, zikapiga hesabu ile ile: mgonjwa, mpole, haonekani, hatadumu. Akachaguliwa kwa makofi, bila kuwepo. Mapapa wengi wameingia kwa njia chafu kuliko hiyo.

Ladislaus na Muzamiru wakatumwa kumpa habari. Walipobisha hodi, Domina ndiye aliyefungua. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na alikuwa amechoka kusema uongo kwa niaba ya mafua. "Han äter," akawaambia. "Kom in." Anakula, ingieni. Akawapeleka moja kwa moja jikoni.

Dafrosa alikuwa ameshika kijiko, na kijiko kilikuwa mdomoni mwa mumewe.

Ladislaus akaitazama kalenda ya ukutani kama mtu anayetafuta tarehe ya kuondoka. "Samahani, Ta Deus," akasema. "Tumekuja wakati mbaya."

"Mmekuja wakati wa chakula," Deusdedit akasema, ndizi ikiwa bado shavuni. "Huo si wakati mbaya. Mama wakwe wenu wanawapenda." Lakini mikono alikuwa ameificha chini ya meza, na Dafrosa alikiweka kijiko chini bila kumtazama mtu.

"Umechaguliwa mwenyekiti," Muzamiru akamwambia.

"Mmekunywa nini huko ukumbini? Na wewe si hunywi?"

"Kura zilifungana."

"Kwa hiyo mkatafuta mtu ambaye hata mkimpa kipaza sauti hawezi kukishika."

"Ni kwa muda tu, mzee wangu," Ladislaus akasema, "mpaka mambo yatulie."

"Mpeni Samwiri. Au baki nacho, umeshakizoea. Mwenyekiti gani wa kulishwa kama kinda? Mmeona wenyewe. Sasa nendeni mkawasimulie."

 Domina alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka, akidhani amemvunjia baba yake heshima moja kwa moja. Muzamiru akavuta kiti akakaa. Ni fundi wa mabasi, na ana desturi ya kukaa karibu na kitu kilichoharibika.

"Nikuulize," akasema. "Yule papa wako. Umenichosha naye miaka mingapi pale Vällingby, mimi Mwislamu nisiye na hisa kwake. Walipomwambia awe Papa, mikono si ilikuwa imeshakaza?"

"Ilikuwa imeshakaza."

"Akawaambia ana mafua?"

Deusdedit akaitazama meza iliyoficha mikono yake.

"Nauliza. Alikataa?"

"Hakukataa."

"Banange, jamani! Basi usimwaibishe mzee wa watu. Shemeji, endelea, chakula kinapoa."

Dafrosa alimtazama Muzamiru, akamtazama mumewe, akakiokota kijiko. "Fungua," akasema, mbele ya wageni. Deusdedit akaitoa mikono chini ya meza. Kisha akafungua. Alitafuna polepole, akameza, akasema, "Haya. Nitakaa." Domina ndiye aliyekwenda kupandisha pazia.

Kutawazwa kulikuwa Jumamosi iliyofuata, tarehe 23 Januari, katika ukumbi wa Tensta. Alivaa suti yake ya harusi, ambayo sasa ilimpwaya. Keki ililetwa, na kama kawaida yetu mwenye sherehe anawalisha watu nao wanamlisha. Hapo hakuwa na wasiwasi. Kwenye keki hakuna anayejilisha, mzima wala mgonjwa. Dafrosa alisimama nyuma yake, akapitisha mkono wake chini ya kwapa la mumewe, na mkono huo wa kike wenye bangili ukatoka kwenye koti la mwenyekiti ukalisha watu hamsini. Watoto walidhani ni mchezo, wakarudi kwenye foleni mara ya pili.

Kisha likaja pilau, na pilau halina desturi hiyo. Kila mtu alipewa sahani yake na kijiko chake. Deusdedit alikaa mbele ya sahani yake akiitazama. Dafrosa akaanza kusogeza kiti, na kile kiti kilikwaruza sakafu mpaka watu wakageuka. Ndipo alipoomba kipaza sauti. Muzamiru alimshikia.

"Ndugu zangu," akasema, "mikono yangu haifiki mdomoni. Ni mwaka wa pili sasa. Sikuwa na mafua. Mke wangu ndiye ananilisha, na leo sitaki alishe mmoja nyinyi mkitazama. Kwa hiyo natoa amri, na huenda ikawa ya kwanza na ya mwisho. Katika mikutano ya umoja huu, hakuna mtu kujilisha. Kijiko chako ni cha jirani yako."

Ladislaus akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, suala la utaratibu. Katiba haisemi hivyo."

"Katiba haisemi tujilishe pia. Nimeisoma. Bi. Namubiru, hebu mhudumie mwenyekiti mstaafu."

Bi. Namubiru, mke wa Samwiri, ndiye aliyekuwa ameketi karibu naye. Akajaza kijiko, akakiinua. Ladislaus akafunga mdomo. "Fungua, mheshimiwa," Bi. Namubiru akamwambia. "Miaka kumi na moja umeufungua bila kuombwa." Ukumbi ukacheka mpaka Ladislaus naye akacheka, na hapo pilau likaingia.

Ndivyo lilivyoliwa. Wakatoliki waliwalisha Waislamu, Waganda wakawalisha Wahaya, watu walioachana wakajikuta meza moja wakapimiana nyama kwa haki. Mlinzi wa ukumbi, Msweden, aliingia kuulizia funguo, akakuta watu wazima wote wanalishana. Akauliza kama hii ni dini. Mama Mastula, mke wa Muzamiru, akamwekea kipande cha chapati mdomoni. Akakitafuna akiwa amesimama, akasema "Jaha," yaani kumbe, akaenda zake. Deusdedit alilishwa na kila aliyeweza kufika, na alikula kuliko alivyokula tangu Krismasi. Samwiri na Ladislaus hawajapatana hadi leo, lakini ni vigumu kumtukana mtu ambaye kijiko chako kiko mdomoni mwake, na mikutano imekuwa mifupi.

Siku ya ishirini na moja ya utawala wake alimwita Muzamiru, akaagiza chai. "Leo nimempita Papa," akasema. "Kuanzia sasa kila ninachofanya ni nyongeza." Katika nyongeza hiyo aliagiza rangi nyeupe kwa ajili ya kuta za ukumbi, zenye unyevu na majina ya watoto wetu. Makopo yalifika. Bado yako chini ya ngazi. Bwana Ladislaus, ambaye sasa anakaimu, anasema suala liko kwenye kamati. Mwenzake wa Roma naye aliacha chokaa, akaacha kuta zinangoja. Tunaomba tu safari hii zisingoje sana.

Mwishoni mwa Februari alishikwa na homa ya mapafu. Hii haikuwa mafua ya mlangoni. Alilazwa, na kwa kuwa Dafrosa hakuweza kuwepo saa zote, Domina alikuja kutoka shule na kumlisha supu ya blåbär, ile ya zambarau ambayo Wasweden huwapa wagonjwa. Jumapili tarehe 6 Machi, midomo ikiwa imeshageuka zambarau, alimuuliza swali lake la zamani.

"Wewe unadhani nani alimlisha Papa Sisinio?"

Domina alifikiri, akimfuta kidevu. "Kanske hans dotter," akasema. Labda binti yake.

Deusdedit alicheka mpaka nesi akaja mbio. "Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "mapadre wangekupigisha magoti mpaka Pasaka." Kisha akatulia, akasema kwamba miaka yote hiyo, jibu hilo halikuwahi kumjia. Akafungua mdomo, akaisubiri supu. Siku tatu baadaye, Jumatano tarehe 9 Machi 1988, mchana, Dafrosa akiwa amemshika mkono uliokuwa umefunguka kidogo, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Aliacha agizo moja tu kuhusu wasifu huu. Alisema sifa ziachwe, vyeo viachwe, bali waliomlisha waandikwe, ili asije kijana mwingine akapigishwa magoti kwa kuuliza. Hivyo basi, wanaobaki nyuma yake ni hawa. Mjane wake, Dafrosa, aliyemlisha kila siku. Binti yake, Domina, aliyemlisha mwisho. Dada yake mkubwa, Getrude, aliye Bugandika na hakuweza kusafiri, ambaye alimtafunia senene akiwa bado hana meno. Mpwawe, Kasiani. Muzamiru na Mama Mastula, majirani ambao ni ndugu. Samwiri na Bi. Namubiru. Bibi Ingegerd wa Vällingby, pipi za mnanaa. Bwana Ladislaus, kijiko kimoja cha kachumbari tarehe 23 Januari, na kimehesabiwa. Na wengine wengi wa ukumbi ule, ambao kila mmoja anajijua kwa mkono wake.

Limebaki jambo moja, na halikuwa kwenye agizo. Tangu Jumatano ile Dafrosa hali. Anapika, anapakua, anakaa. Ukimuuliza anasema hana tabu, ila amezoea kula akishamaliza kumlisha mwenzake, sasa hajui aanzie wapi. Chai anayopewa anaiacha ipoe, halafu haigusi.

Kwa hiyo tukitoka hapa tunakwenda ukumbi wa Tensta. Leo ni Ijumaa ya Kwaresima, kuna samaki na ndizi. Amri ya mwenyekiti haijafutwa. Bwana Ladislaus amethibitisha mwenyewe asubuhi hii, na kwa mara ya kwanza hakuipeleka kwenye kamati. Hakuna mtu kujilisha. Mama Domina, wewe utakaa kwenye kiti chake, na chakula chako kitakuja kikiwa cha moto. Foleni itaanza na Domina. Utafungua mdomo.

Naye Deusdedit, aliyeuliza na akajibiwa, apumzike kwa amani, na huko aliko mkono wa kumlisha usimpungukie.